Kuchagua na kufunga pete na besi za darubini kwenye bunduki ya kuwindia

Mwongozo huu umetokana na bunduki ya mwindaji bingwa mmoja ninayemfahamu, Winchester Model 70 ya .375 H&H, iliyokataa kushika shabaha. Risasi ya kwanza katikati, ya pili kushoto, ya tatu juu, halafu inarudi katikati. Alishabadilisha aina ya risasi, akailaumu darubini, akawa anatafuta mtu wa kuinunua. Darubini ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa skrubu moja ya besi ya mbele, ndefu kupita kiasi kwa unene wa kucha tu. Habari yake iko Hatua ya 4. Hatua hiyo ndiyo ndefu kuliko zote kwa sababu ndiyo watu wanayoiruka.

Nikisema risiva, ni lile bodi la chuma ambalo mtutu unaingia kwa mbele na bolti inateleza ndani yake. Besi ni kile kipande kinachofungwa juu ya risiva. Pete ni zile zinazolikumbatia bomba la darubini na kukaa juu ya besi. Namba kama .375 au .416 ni takriban kipenyo cha risasi kwa inchi. Mengi ninayoyaeleza yanahusu bunduki za bolti, yaani zile unazofungua na kufunga kwa mkono kila risasi, maana ndizo zinazobebwa zaidi kwenye vitalu vyetu vya uwindaji Tanzania.

Hatua ya 1: Tazama risiva kabla ya kufungua pochi

Pete hazinunuliwi kwa kupenda sura. Risiva ndiyo inayoamua.

CZ 550, ambayo imezagaa sana makambini, haihitaji besi kabisa. Mifereji ya pembeni imechongwa kwenye chuma cha risiva yenyewe, upana milimita 19, na pete zinabana hapo hapo. CZ 527 ndogo ni milimita 16, kwa hiyo pete za moja haziingii kwenye nyingine hata kama muuzaji atakuambia "zote ni za CZ". Ruger Hawkeye nayo ina vikalio vyake vilivyochongwa, na pete huja pamoja na bunduki kwenye boksi. Ukiinunua mkononi kwa mtu, mwulize pete za asili ziko wapi. Sako ina reli inayopungua upana kuelekea upande mmoja, basi chukua pete za Sako na usihangaike na nyingine. Tikka T3 ina mifereji ya milimita 17 na pia matundu ya skrubu, nami nachagua matundu.

Winchester Model 70, Remington 700 na Mauser 98 za kisasa zina matundu ya skrubu juu, na huko ndiko besi zinakofungwa. Angalizo kwa wenye Model 70 kongwe za .375, zile za kabla ya 1964: nafasi kati ya matundu mawili ya nyuma ni nyembamba kuliko ya Model 70 za kawaida. Pima kwa kalipa, umtumie muuzaji kipimo, usimtumie jina la bunduki peke yake.

Hatua ya 2: Amua kama darubini itang'oka au itakaa moja kwa moja

Hapa nina msimamo na siuyumbishi. Bunduki ya mbogo iwe na pete za kung'oka kwa mkono. Tanzania huendi kwa mbogo au tembo na kitu kilicho chini ya .375, na mwenye .375 siku moja atamfuata mbogo aliyejeruhiwa kwenye kichaka ambacho huoni zaidi ya hatua chache mbele. Humo darubini inakuziba macho. Unataka kuing'oa, uitie kwenye begi la mfuatilia nyayo, ubaki na vilengeo vya chuma. Kwa hiyo pete ziwe na vishikio vya kuzungusha kwa kidole. Zile zinazofunguliwa kwa sarafu au kwa spana ni za kung'oka kwenye karatasi tu. Ukiwa porini na mikono inatetemeka, sarafu hutaiona.

Kwa majina ya watengenezaji, Talley za vishikio ninaziamini, na Warne za chuma pia. Wageni kutoka Ujerumani na Austria huja na pete za EAW za kuzungusha pembeni au zile kongwe za makucha. Ni kazi safi sana, lakini zilifungwa na fundi kwa bunduki ile ile. Usijaribu kuzihamishia kwenye bunduki nyingine.

Bunduki ya swala pala, kongoni, tandala au palahala, tuseme .30-06 au .300, ifunge moja kwa moja. Kinachong'oka kina sehemu nyingi zaidi za kulegea, na hapo hakuna sababu ya kuzibeba. Talley nyepesi, ambazo pete na besi ni kipande kimoja, zinatosha kabisa.

Aina nisiyoipenda kwenye .375 kwenda juu ni ile ambayo pete ya mbele inazungushwa kuingia kwenye besi, na ya nyuma inashikiliwa na skrubu mbili za pembeni. Inapendeza kwa macho. Lakini upande wa nyuma unategemea zile skrubu mbili tu, na teke la .416 au .458 halina huruma nazo. Kama umeshainunua, basi angalau pete ya mbele usiizungushe kwa kutumia darubini kama wenzo. Utalipinda bomba. Tumia kipande cha mti mgumu cha mviringo chenye unene ule ule wa bomba.

Kuhusu reli za mifereji ya kukata juu: kuna Weaver na kuna Picatinny. Mfereji wa Weaver una upana wa inchi 0.180, wa Picatinny inchi 0.206, na wa Picatinny umepangwa kwa nafasi sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Pete nyingi za Weaver huingia kwenye reli ya Picatinny. Pete za Picatinny haziingii kwenye Weaver, maana nondo yake, kile kipande cha chini ya pete kinachokaa mferejini, ni nene kuliko mfereji. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, chukua Picatinny.

Hatua ya 3: Kipenyo, kimo na urefu

Kipenyo ni rahisi: bomba ni inchi moja, yaani milimita 25.4, au milimita 30, au 34. Soma kwenye boksi, nunua pete ya kipimo hicho hicho.

Kimo watu hukibahatisha, na hakuna haja. Chukua darubini yenye kioo cha mbele cha milimita 42. Ukiweka na chuma chake, sehemu ile pana huwa kama milimita 50 nje kwa nje, yaani nusu yake 25. Bomba la milimita 30 nusu yake ni 15. Kwa hiyo kioo kinashuka milimita 10 chini ya tumbo la bomba. Ongeza milimita 3 za hewa kati ya kioo na mtutu, na nyingine 2 kama unatumia kifuniko. Hiyo ndiyo nafasi unayotaka kati ya tumbo la bomba na mgongo wa mtutu, hapo hapo kioo kilipo. Usisahau kuwa mtutu hukonda kuelekea mbele na unakupa nafasi kidogo. Darubini ya 1-6x24, yaani inayokuza mara 1 hadi 6 na yenye kioo cha mbele cha milimita 24, ambayo mimi naiona ndiyo sahihi kwa mbogo, haina sehemu pana mbele, kwa hiyo inakubali pete fupi kabisa. Iweke chini kadiri mkono wa bolti utakavyoruhusu kufunguka bila kugusa kioo cha nyuma.

Darubini ikikaa juu sana, shavu linaelea hewani badala ya kulala kwenye kitako cha bunduki. Kila risasi shavu linakaa mahali tofauti, na kila risasi unaona tofauti.

Urefu: risiva ya .375 H&H au .416 Rigby ni ndefu, na besi mbili zinakaa mbali. Darubini fupi za kisasa wakati mwingine hazina bomba tupu la kutosha kufika pete zote mbili. Pima kutoka katikati ya pete ya mbele hadi katikati ya pete ya nyuma, linganisha na mchoro wa vipimo kwenye karatasi ya darubini, na acha milimita chache kila upande ili pete isigusane na kile kisanduku cha katikati chenye vifundo vya kurekebishia shabaha, wala na pete ya kukuzia picha.

Hatua ya 4: Skrubu za besi

Hakikisha kwanza bunduki haina risasi, chemba na magazini. Toa bolti. Safisha matundu yote kwa breki klina au asetoni mpaka kitambaa kitoke kikavu, na skrubu pia, maana kiwandani hupakwa mafuta.

Sasa elewa kinachotokea ndani. Skrubu za besi nyingi ni za kipimo cha 6-48, unene wake kama milimita 3.5. Uzi wake ni mwembamba sana: nyuzi 48 kwa inchi moja, ambayo ni kama nusu milimita kwa mzunguko mmoja. Tundu la mbele kabisa, kwenye bunduki nyingi za aina hii, liko juu ya mahali mtutu unapoingia kwenye risiva. Halitokei popote. Chini yake kuna chuma cha mtutu. Skrubu ikiwa ndefu kwa nusu milimita tu, ncha yake inagonga mtutu mzunguko mzima kabla kichwa hakijaikandamiza besi. Wewe unahisi imekaza. Toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, inalia kwamba nguvu imefika. Lakini nguvu yote imekwenda kwenye ncha, na besi haijashikwa na kitu. Inashikiliwa na ile skrubu ya pili peke yake, na kila teke linaisogeza kidogo. Ndivyo ilivyokuwa kwenye ile Model 70. Darubini ilitolewa na kurudishwa, pete zikabadilishwa, na siku nzima ikaisha, kwa sababu kila aliyejaribu skrubu ile kwa bisibisi aliikuta ngumu na kuendelea na jambo jingine.

Dalili yake kwenye shabaha ni risasi zinazohama bila mpango. Mtutu mbaya hutawanya. Darubini iliyokufa mara nyingi huhama na haikubali kurekebishwa ukizungusha vifundo. Besi inayocheza hupiga vizuri mara mbili, kisha inahama, kisha inarudi. Si kanuni ya chuma, lakini ukiona hivyo anza na skrubu.

Kipimo ni hiki, na kinachukua dakika chache. Weka besi ya mbele. Funga skrubu moja tu, ile ya mbele kabisa, kwa nguvu ya kawaida. Shika besi kwa vidole na ujaribu kuizungusha. Ikiyumba hata kidogo, skrubu ni ndefu. Itoe, funga ile nyingine peke yake, jaribu tena. Fanya hivyo kwa kila skrubu, moja moja, mbele na nyuma. Zikiwa zote mbili ndani kipimo hakisemi kweli, maana moja nzuri huficha moja mbaya. Kama una shaka, paka ncha ya skrubu wino wa makapeni, kaza, toa, utazame: ncha iliyogonga chuma inakuwa imekwanguliwa katikati.

Tundu la pili la besi ya mbele lina hatari ya aina nyingine. Kwenye risiva nyingi linatokea ndani, mahali masikio ya bolti yanapozunguka kufunga. Skrubu ndefu hapo inashuka na kuyakwangua. Rudisha bolti, ifunge taratibu ikiwa tupu. Ikikwama mwishoni, au mkono ukiwa mzito kuliko kabla hujafunga besi, usiilazimishe. Tazama juu ya masikio kama kuna mstari mpya unaong'aa. Nyuma ni vivyo hivyo: skrubu inaweza kutokeza kwenye njia ya bolti ikaikwaruza mgongo.

Skrubu kwenye boksi moja hazilingani urefu. Fupi kabisa mara nyingi ndiyo ya tundu la mbele, na kiwanda hakikuandika popote kwenye skrubu yenyewe. Zimwage kwenye sahani nyeupe, zipange kwa urefu, soma karatasi ya maelekezo, ndipo uanze. Ukichanganya skrubu za boksi mbili, umeshapotea.

Ikiwa ndefu na huna nyingine, ipunguze. Iingize kwenye kipande cha bati nene lenye tundu, kichwa kikae chini ya bati na ncha itokeze, uisugue kwenye jiwe la kunolea au msasa laini juu ya kioo. Punguza kidogo, jaribu, punguza tena. Usitumie mashine ya gurudumu, inachoma chuma na kuondoa milimita nzima kwa kupepesa jicho. Kisha lainisha ukingo wa ncha kwa faili ndogo ili uzi wa kwanza usiharibu wa risiva. Mwisho wa kupunguza ni pale skrubu inapobaki na mizunguko minne ya kushika. Chini ya hapo tafuta skrubu nyingine, au umpelekee fundi mwenye leseni alitanue tundu lipokee skrubu ya 8-40, ambayo ni nene zaidi, karibu milimita 4.2. Kwa .416 na .458 mimi napendelea 8-40 tangu mwanzo, hata kama skrubu zilizopo hazina tatizo.

Tundu lile la mbele lisilotokea lina ujanja mwingine. Ukidondosha gundi ya uzi nyingi, au ukiacha mafuta ndani, kimiminika hakina pa kwenda. Skrubu inakandamiza kimiminika na unahisi imekaza. Ndiyo maana gundi naipaka kwenye uzi wa skrubu, tone dogo, siidondoshei kwenye tundu. Gundi iwe ya bluu, Loctite 243 au inayolingana nayo. Nyekundu usiilete karibu na bunduki, maana kuifungua kunataka moto mkali, na moto mkali kwenye risiva ni uharibifu. Kwenye yale matundu yanayotokea ndani, ukishakaza, pitisha kitambaa njia ya bolti kufuta gundi iliyochuruzika. Ikikauka kwenye nafasi ya masikio, bolti itakataa kufunga.

Nguvu ya kukazia, inayosomwa kwenye toki renchi kwa inchi-pauni au kwa nyutoni-mita (Nm): 6-48 inchi-pauni 20, kama Nm 2.3. 8-40 hadi 28, kama Nm 3.2. Mtengenezaji akiandika tofauti, fuata yake. Bisibisi iwe imejaa ndani ya ufa wa skrubu pande zote. Skrubu za nyota, zenye tundu la pembe sita kichwani (Torx), ni bora zaidi, na nikipata nafasi hubadilisha zote kuwa za nyota.

Kama umechagua reli ya kipande kimoja, kuna jambo moja la ziada. Funga skrubu za nyuma tu, kisha tazama mbele kama kuna mwanga kati ya reli na risiva. Pitisha ukanda wa karatasi ya sigara. Ikiingia kwa ulaini, ukikaza mbele reli itapinda, na darubini itapinda nayo. Hapo reli inahitaji kulazwa kwenye gundi ya chuma, na ukiwa hujawahi kufanya kazi hiyo mpelekee fundi.

Hatua ya 5: Laza darubini

Kwenye reli, ingiza nondo za pete mferejini, usukume pete zote mbele mpaka nondo ziguse ukuta wa mbele, ndipo ukaze. Bunduki inaporudi nyuma, darubini kwa uzito wake inataka kubaki pale ilipo, kwa hiyo pete zinavutwa kuelekea mdomo wa mtutu. Ukiacha nafasi mbele ya nondo, pete zitaitafuta zenyewe, na shabaha yako itahama nazo.

Fungia darubini kwa ulegevu. Kuza picha hadi mwisho, maana hapo ndipo umbali wa jicho unapokuwa mfupi zaidi. Simama kama unavyosimama kwenye vijiti vya kuegemezea, fumba macho, pandisha bunduki begani, fumbua. Uone duara zima bila weusi pembeni. Ukiona weusi, sogeza darubini, usisogeze shingo. Kisha jaribu umelala chini, na umepiga goti ukilenga juu ya mlima. Katika mikao hiyo jicho linasogea karibu. Kwa .375 sikubali chini ya sentimita 9 kati ya jicho na chuma, na kovu la nusu mwezi juu ya nyusi linakuja hasa kwa risasi ya kupanda mlima.

Msalaba uweke wima kwa timazi. Tundika uzi wenye jiwe ukutani, simamisha bunduki kwa pima maji juu ya reli, ulinganishe msalaba na uzi.

Hatua ya 6: Kaza pete

Kwa zamu ya msalaba, kidogo kidogo, nafasi za pande zote mbili za pete zikibaki sawa. Inchi-pauni 15 hadi 18, Nm 1.7 hadi 2. Nondo za chini za Picatinny zenye nati kubwa hubeba hadi 65, Nm 7.3. Hapa juu gundi hapana. Inalainisha uzi, nguvu ile ile inakaza zaidi, na bomba linabonyea.

Kusaga pete kwa grindi pesti ya valvu nimewaona wengi wakifanya. Pete nzuri kwenye besi iliyokaa sawa hazihitaji. Zenye vipande vya plastiki ndani, kama Burris Signature au Optilock za Sako, usizisage kamwe. Vipande hivyo vimewekwa hasa ili vijilaze vyenyewe.

Mwisho chora mstari wa rangi ya kucha kutoka pete hadi kwenye bomba, na mwingine kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye besi. Mstari ukikatika, kitu kimesogea.

Hatua ya 7: Piga

Toa bolti, tazama shabaha ya mita 25 kupitia mtutu, lete msalaba hapo. Piga mita 25, rekebisha, nenda 100. Kila mlio wa kifundo cha robo dakika (ya pembe) husogeza kama milimita 7 kwa mita 100, na wa kifundo cha 0.1 mil, kipimo kingine cha pembe, husogeza sentimita 1.

Kwa pete za kung'oka: piga tatu, ng'oa darubini, rudisha ukiisukuma mbele na vishikio vikiishia mahali pale pale, piga tatu nyingine. Makundi mawili yakitengana zaidi ya sentimita 3, pete hizo hazifai kwa kazi uliyozinunulia. Rudia hata kama mara ya kwanza imependeza, na siku hiyo hiyo piga na vilengeo vya chuma pia ili ujue vinapiga wapi.

Baada ya hapo adui ni barabara. Rasta za njia ya kwenda kitaluni hulegeza skrubu kuliko teke la bunduki. Bunduki isafiri kwenye mfuko wenye sponji, isining'inie kwenye chuma tupu cha Land Cruiser. Ukifika kambini tazama mistari ya rangi, kisha piga risasi moja kwenye karatasi kabla ya kutoka asubuhi. Bunduki iliyotoka kwenye ndege ipigwe tatu, hata kama boksi lake halina mkwaruzo.